Simba ndo wa mwisho kwenye foleni

Kuna alama moja nilikatwa shule miaka mingi iliyopita na mpaka leo sijaisamehe. Swali lilikuwa la kweli au si kweli, "nishati huzunguka katika mfumo ikolojia", yaani kati ya viumbe wa sehemu moja na udongo, maji na hewa yao, mi nikaandika si kweli, mwalimu akaniwekea mkasi mwekundu alafu pembeni akachora duara, jua, majani, swala, simba, na mshale wa mwisho ukatoka kwa simba ukarudi kwenye majani. Sikubishana, nani abishane na kalamu nyekundu, ila lile duara nimekuja kulikuta tena kila mahali, vitabuni, kwenye chati za ukutani, kwenye vipindi vya wanyama vya TV ambapo sauti nzito inatuambia eti porini hakuna kinachopotea, kila kitu kinarudi kilikotoka.

Nishati hairudi. Maji yanarudi sawa, kaboni inarudi, nitrojeni inarudi, ila nishati inaingia mara moja, inapita, inatoka, na ikishatoka imetoka. Na hili mi silioni kama kosa dogo la mtihani, kwa sababu mtu akishaamini nishati inazunguka anaanza kuliangalia pori vibaya, anamuona simba kakaa pale juu kama bosi anayepokea kutoka kwa wote, wakati kwa hesabu za nishati simba ni yule mgeni aliyefika kwenye sherehe masufuria yanaoshwa.

Tuanze na kitu cha kushika mkononi. Kata majani mabichi mengi, yarundike yafike kiunoni, yaache siku tatu nne, alafu asubuhi na mapema kabla jua halijatoka nenda ukafukue katikati kwa mkono. Mara ya kwanza kufanya hivyo niliutoa mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Nje kulikuwa na baridi, majani ya juu yana umande, lakini mle ndani mvuke unafuka na ile harufu tamu iliyochachuka ya kitu kinachoanza kuoza, majani yameshakuwa ya kahawia, yamelegea, yanashikana kama karatasi iliyolowa. Rundo kubwa likiwa na hewa na unyevu wa kutosha linafika nyuzi 60 za Selsiasi na kupita. Hakuna aliyewasha kitu mle. Lile ni jua la wiki zilizopita, majani yalilinasa yakalifungia kwenye sukari, sasa bakteria na fangasi wanaifungua ile sukari, wanachukua kidogo cha kuendeshea maisha yao na kilichobaki kinatoka kama joto, joto linapanda hewani, linasambaa, na mwisho linaondoka duniani kabisa kwenda anga za juu kama mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Hakuna jani lolote linaloweza kulidaka lile joto likalitengenezea sukari tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nitrojeni iliyokuwa kwenye majani hayohayo stori yake ni nyingine kabisa. Inabaki palepale kwenye udongo, mzizi unaichukua, inakuwa jani jipya, inaliwa, inatoka kwenye mkojo au kinyesi, inarudi udongoni, atomu ileile inaweza kuzunguka hivyo mara elfu na isichakae hata kidogo. Kwa hiyo lile duara la mwalimu wangu lilikuwa duara sahihi la kitu kingine.

Sasa hii safari ya nishati inaanzaje. Kuna kazi moja naipenda sana, ya Howard Odum, mwanaikolojia Mmarekani, aliyoichapisha mwaka 1957 baada ya kupima chemchemi inayoitwa Silver Springs kule Florida, maji maangavu, joto lake halibadilikibadiliki mwaka mzima, yaani kama maabara iliyojijenga yenyewe. Jamaa alitaka kujua mita moja ya mraba ya pale inapokea nishati kiasi gani kwa mwaka na inaenda wapi. Jua lilikuwa linashusha kilokalori 1,700,000. Mimea na mwani vikafanikiwa kushika 20,810. Hebu zirudie hizo namba mbili polepole, hiyo ni asilimia moja na kidogo, na hapo tunaongelea sehemu yenye rutuba na maji na mwanga wa kutosha. Nyingine yote ilirudishwa juu, au ikapasha maji joto, au ikapita pembeni ya majani. Alafu katika hizo 20,810 mimea yenyewe ikatumia 11,977 kwa kupumua, kwa sababu mmea nao ni kiumbe, una bili zake, unakua, unajikarabati, unavuta madini, usiku na mchana seli zake zinachoma sukari kama zako tu. Zikabaki 8,833, na hizo ndo mezani kwa viumbe wengine wote wa pale.

Hapo hatujamfikia hata mnyama mmoja.

Wala majani wakapata 3,368. Wanaowala hao wakapata 383. Na wale wa juu kabisa, samaki wakubwa wanaokula samaki, wakapata 21. Ishirini na moja, kati ya milioni moja na laki saba zilizoshuka kutoka juani. Na katika hizo 21 wenyewe wakapumulia 13. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hili buyu linachovywa na kila anayelishika.

Ukizitazama hizo namba vizuri utaona kitu kingine kinachonikera, ile "sheria ya asilimia kumi" ambayo kila mwanafunzi anaimba kwamba kila ngazi inapitisha kumi tu kwenda ngazi ya juu yake. Silver Springs kutoka kwa mimea kwenda kwa wala majani ilipita asilimia 16, ngazi iliyofuata 11, ya mwisho tano na ushee. Kumi ni wastani wa kukadiria, inasaidia kupiga hesabu ya haraka, ila sheria sio hiyo. Sheria yenyewe ni ya fizikia, kwamba kila nishati inapobadilishwa kutoka umbo moja kwenda lingine lazima sehemu ipotee kama joto lisilofanya kazi, na hiyo haijali kama ni injini au sungura. Inapotea kiasi gani, hapo inategemea nani anakula nani.

Na hapa pana utamu wake. Chukua kiwavi na panya, wape majani au mbegu za nishati ileile. Kiwavi damu yake inafuata joto la nje, hana haja ya kujipasha, kwa hiyo katika kile alichokisaga na kukinyonya anaweza kukigeuza mwili wake hadi asilimia thelathini au arobaini. Panya ni tanuri linalotembea, muda wote anajiweka kwenye joto moja, awe amelala awe anakimbia, na matokeo yake kati ya kile alichokinyonya ni asilimia moja mpaka tatu tu inayogeuka kuwa nyama ya panya. Ndege vilevile. Sisi vilevile. Sasa fikiria wewe ni mwewe unataka kuishi kwa kula panya, maana yake unakula mabaki ya tanuri. Mamba anaweza kukaa miezi hajala kitu na akasubiri, simba akikaa hivyo amekufa, na ukiwaweka wawili hao kwenye mizani ya nishati utaona yule mtambaazi mkubwa anayeonekana mvivu ndo mwenye akili ya matumizi.

Kuna upotevu mwingine ambao hata sio wa kupumua. Tembo anakula mzigo mkubwa wa majani na magome kila siku alafu zaidi ya nusu inatoka nyuma haijasagika vizuri, ndo maana kinyesi chake unaweza kukivunja ukaona vijiti na nyuzi za nyasi kabisa. Wala nyama kwenye hili wako vizuri, nyama inafanana na mwili wao, wananyonya karibu asilimia 80 ya wanachokula. Lakini faida hiyo wanailipa kwenye kukimbiza, kuvizia, kukosa, kujaribu tena, na kulala njaa.

Mtu aliyetufungulia macho ya kuhesabu hivi ni kijana mmoja, Raymond Lindeman, na stori yake huwa inaniuma. Alichukua ziwa dogo la matope huko Minnesota, Cedar Bog Lake, akakaa nalo miaka mitano anachota, anachuja, anahesabu vijidudu, mpaka akaja na wazo kwamba hao wote, mwani, viluwiluwi, samaki, bakteria, unaweza kuwaandika kwa lugha moja, lugha ya nishati inayopita. Leo hilo ni wazo la kawaida, ila kwa wakati ule neno lenyewe la mfumo ikolojia lilikuwa halijamaliza hata miaka kumi tangu mwanaikolojia Mwingereza, Tansley, alitunge 1935. Jarida likalikataa andiko lake, wahakiki wakaona nadharia imezidi data. Mlezi wake wa kitaaluma, Hutchinson, pale chuo kikuu cha Yale akalipigania, likachapishwa mwaka 1942, ila Lindeman mwenyewe alikuwa ameshafariki miezi michache kabla, hajafikisha hata miaka 30.

Kwa hesabu ya Lindeman lile swali la watoto, kwa nini hakuna mnyama anayewinda simba kila siku, linajibika bila maneno mengi. Hakuna chakula huko juu. Mwaka 2002 watafiti wawili, Carbone na Gittleman, walikusanya takwimu za wala nyama wa aina nyingi wakakuta kwamba kila kilo 10,000 za mawindo zinabeba takriban kilo 90 za mla nyama, awe mdogo wa kuviziavizia vichakani awe mkubwa wa kuunguruma. Tani kumi za nyama hai zinazotembea, unapata chini ya simba mmoja. Sasa huyo anayetaka kuishi kwa kula simba angehitaji nchi nzima ya kuzurura na angekufa njaa njiani kati ya simba na simba. Ndo maana minyororo mingi ya chakula inakatikia ngazi ya nne au ya tano. Na angalia wanyama wakubwa kabisa, nyangumi wa buluu, papa nyangumi, tembo, twiga, wote wanakula chini ya mnyororo, majani au vijidudu vya majini, kwa sababu mwili ule hauwezi kulishwa na makombo ya juu. Mwenye akili amesogea karibu na jua.

Hizo ngazi za chakula huwa zinachorwa kama piramidi, mimea chini kwa upana na wala nyama juu kwenye ncha. Kuna mtu atasema mbona baharini piramidi inageuka, wadudu wa majini wanaokula mwani wana uzito kuliko mwani wenyewe, si ina maana kidogo kinalisha kikubwa. Ndiyo inageuka, lakini hiyo ni piramidi ya uzito, umepiga picha ya siku moja. Planktoni za mimea, yaani huo mwani mdogo unaoelea, ni kama asilimia moja tu ya uzito wa mimea yote duniani ila zinafanya karibu nusu ya uzalishaji wote, kwa sababu zinagawanyika na kuliwa ndani ya siku chache, zinaliwa zinaota zinaliwa zinaota. Ukihesabu kilichopita kwa mwaka mzima badala ya kilichopo leo, piramidi inasimama wima tena. Ya nishati haijawahi kugeuka popote na haitageuka.

Na wale wa chini kabisa ya bahari kwenye giza? Mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galápagos kwenye Pasifiki waligundua chemchemi za moto huko chini, na pembeni yake minyoo mikubwa isiyo na mdomo wala utumbo, inaishi na bakteria ndani ya mwili ambao wanatengeneza chakula kwa kemikali za salfa badala ya mwanga. Kweli mlango ni mwingine, ila ukishaingia utaratibu ni uleule, inapita, inapungua, inatoka kama joto.

Sasa turudi kwenye ile chati maana hoja yangu kubwa iko hapa. Kosa la ile chati halikuwa ule mshale wa kurudi tu, ni kwamba inakuonyesha barabara ya vumbi na kukuficha barabara kuu. Nyasi kwenda swala kwenda simba, hiyo ndo njia inayopendeza kupigwa picha. Lakini msituni majani yanayoliwa yakiwa mabichi mtini ni sehemu ndogo, mara nyingi haifiki hata moja ya kumi, mengine yote yanaanguka yenyewe na kwenda kwa mchwa, majongoo, minyoo, fangasi, bakteria. Hata Silver Springs waozeshaji walipokea 5,060, zaidi ya walichopata wala majani wote, na wala nyama ukiwaongeza bado hawafiki. Kila aliyekula akatoa kinyesi, kila aliyekufa bila kuliwa, kila jani lililodondoka, wote hesabu yao inaishia kwa watu hawa wasiokuwa na jina kwenye chati.

Mfano ulionibadilisha kabisa ni wa Mto Mara. Kila mtu ameiona ile video, nyumbu wanajitosa, mamba anachomoka, muziki unapanda. Sasa kuna utafiti ulitoka 2017, wa Amanda Subalusky na wenzake, walioamua kuhesabu mizoga ya nyumbu wanaozama wakati wa kuvuka, wakakuta kwa wastani ni kama 6,250 kwa mwaka, zaidi ya tani elfu moja za mwili zinazoingia mtoni. Mamba anakula sehemu ndogo tu, kwa sababu mamba ameshashiba na yeye kama tulivyosema hana matumizi makubwa. Tumbusi na korongo wanachukua chao, na wao ni chini ya moja ya kumi ya nyama laini. Nyingine yote inalegea, inaoza, inachukuliwa na maji, inaingia kwa bakteria, kwa funza, kwa samaki. Nyama inaisha ndani ya wiki chache. Mifupa inachukua kama miaka saba kuisha, na muda wote huo inaota utando wa vijidudu unaoteleza kama kamasi, ambao samaki wanakuja kuulamba miezi kadhaa baada ya nyumbu wote kuondoka. Kamera zimeshafungashwa zamani, watalii wameshapanda ndege, na mto bado unakula. Ukiniuliza nani mla mkuu wa nyumbu pale Mara sitakujibu mamba.

Na kama unataka kujua waozeshaji wana nguvu kiasi gani angalia kinachotokea wakishindwa kufika. Takriban miaka milioni 300 iliyopita kulikuwa na misitu ya kinamasi, miti ikaanguka kwenye maji yasiyo na oksijeni, ikafunikwa na matope kabla haijaozeshwa yote, na ile nishati ya jua iliyokuwa mle haikupata wa kuifungua. Tunaiita makaa ya mawe. Yaani bili ambayo haikulipwa kwa wakati, leo sisi ndo tunaichoma kwa siku moja moja, na kaboni yake inaingia kwenye mzunguko wakati joto lake linaenda zake.

Sisi wenyewe kwenye foleni hii tumefanya kitu ambacho hakuna mnyama mwingine kafanya. Makadirio yaliyotolewa 2007 yanasema binadamu kwa kilimo, malisho, kukata miti na kuchoma tunajichukulia karibu robo ya kile ambacho mimea ya nchi kavu ingezalisha. Na hesabu ya uzito iliyochapishwa 2018 inaonyesha kati ya mamalia wote duniani, mifugo ni kama asilimia 60, sisi 36, na wa porini wote pamoja, tembo, nyangumi, nyumbu, simba, panya, ni 4. Watu wanasoma hii kama stori ya bunduki na majangili, na majangili wapo kweli, ila mi naisoma kwanza kama stori ya nani amesimama karibu na majani. Nishati haiongezeki kwa sababu tumezaliwa wengi. Eneo lililolimwa limeshagawa jua lake, na simba ambaye tayari alikuwa anasubiri mabaki ya mabaki ndo wa kwanza kuambiwa leo hakuna. Unaweza kumuwekea uzio, askari na hata kola ya GPS, ila kama nyasi na udongo wa wale anaowala umeshaenda kwingine hana atakachokula.

Ningepewa mimi kuichora upya ile chati ningeanza na mshale mnene kuliko yote unaotoka kwenye majani kwenda moja kwa moja chini kwenye udongo. Alafu kila kiumbe ningemtolea mshale mwekundu wa joto unaokwenda nje ya karatasi na haurudi, ukiwemo wa jani lenyewe. Simba ningemuweka kule kona ya juu na kamstari chembamba kama uzi. Na katikati, mahali ambapo mwalimu wangu aliweka swala, ningeweka rundo la majani lenye mvuke, ingawa najua hakuna mtoto atakayegombania kulipaka rangi.